Mgongo kwa Goli

Barua iliyomfuta kazi Waziri aliipeleka yeye mwenyewe, tena mbio.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwaka wa hamsini na sita. Karani wa kiwanda alimpa bahasha akamwambia aiwahishe kambi ya tatu, kuna mafundi wanaingoja. Waziri alikuwa tarishi wa shamba la miwa la Kidzumbani, chini kidogo ya Msambweni, na kazi yake ilikuwa hiyo tu: kuyatoa maneno kiwandani kuyapeleka kambini, na kuyatoa kambini kuyarudisha kiwandani, kwa miguu. Akaitia bahasha kifuani, akakata katikati ya miwa, maili tatu na kitu, hakusimama hata kunywa maji. Fundi mmoja aliifungua, akaisoma, akacheka. Akamwonyesha nguzo zilizosimamishwa toka juzi na waya uliokuwa ukivutwa juu yake.

"Unauona huu, mdogo wangu? Hii ndiyo simu. Kuanzia mwezi ujao huu ndio utakaokimbia. Wewe utalala."

Kulala ni kwa mwenye pa kulala. Chumba alichokaa Waziri na mkewe na mtoto wao kilikuwa chumba cha tarishi. Tarishi akiondoka, chumba kinaondoka. Na kazi nyingine pale shambani kwa mtu aliyeacha shule darasa la pili ni kukata miwa na kupakia, na hiyo alishaijaribu mwaka juzi. Alipakia siku tisa. Siku ya kumi walimrudisha nyumbani juu ya mkokoteni. Ziro, nyapara wa laini, yaani nyumba za wafanyakazi, akaweka mizigo miwili ya miwa kwenye mzani wa kiwanda, kisha akaitoa akamweka Waziri, watu wakitazama. Mizigo ikamshinda Waziri kwa ratili nne.

Kwa hiyo Alhamisi alipoitwa ofisini alikwenda na moyo mkononi. Aliyemwita ni Abdurahman, karani wa kiwanda, ambaye pia ndiye aliyekuwa akiiendesha timu ya mpira ya shamba.

"Shikamoo, Bwana Karani."

"Marahaba. Kaa. Hapana, usikae, nina haraka. Goti la Randu limekwisha. Nataka mtu wa kucheza senta."

"Naam."

"Nataka nikujaribu wewe."

Waziri akageuka kutazama nyuma, akidhani kuna mtu mwingine ameingia.

Kila mtu Kidzumbani alijua Waziri anacheza nini. Alikuwa wingi ya kushoto, lakini wingi lilikuwa jina tu. Kazi yake ilikuwa kurudisha. Wageni wakiupiga mpira ukapita watu wote, ukawa unabingirika kuelekea goli la Kidzumbani, uwanja mzima ulipiga kelele, "Mrudishaji! Mrudishaji!" Waziri akateremka kama panya aliyemwagiwa maji ya moto, akauokota, akageuka, akaurudisha mpaka kule ulikotoka, na watu watano sita nyuma yake wanashika hewa. Watoto waliigiza anavyokimbia. Lakini senta haukimbilii mpira. Senta husimama mbele, mgongo kaelekeza goli la wageni, anangoja aletewe, na nyuma yake wapo mafulbeki wawili wanamhemea shingoni. Ni kazi ya pande la mtu. Randu alikuwa pande la mtu. Akisimama, beki alikuwa anahangaika kama anayetafuta njia ya kuzunguka kabati.

"Mimi mwili sina, Bwana Karani."

"Nina macho, nimeuona. Jumamosi hii mazoezi. Jumamosi ijayo timu ya Waa inakuja. Ukifaa, utashika kazi ya stoo na nyumba yake, maana ndiyo desturi ya senta hapa, unaijua. Usipofaa, Jumatano yake mwezi unakwisha na simu inaanza."

"Na Randu?"

"Randu anarudi kwao Mackinnon Road. Ndivyo alivyosema. Tena yeye ndiye aliyekutaja."

"Nani?"

"Randu. Mimi nilikuwa namfikiria Chengo."

Waziri alitoka pale na furaha nusu. Ile nusu ya pili ilikuwa imeshaanza kunuka.

*

"Hebu nieleze, Mama Esha," alimwambia mkewe. "Mtu ana nyumba ya matofali. Vyumba viwili. Mabati juu, mfereji mlangoni. Ana kazi ya kukaa kivulini anahesabu majembe. Halafu anakwenda kwa mkubwa anamwambia, mpe Waziri. Kwa nini?"

Mwanasha alikuwa anakuna nazi, Esha kamlaza mgongoni. Hakuinua uso. "Goti linamuuma."

"Goti linamuuma yeye, mimi ndiye nipewe nyumba?"

"Ulitaka apewe nani?"

"Chengo. Chengo ni mkubwa, ana kifua, anapiga mpira kwa kichwa mpaka unalia. Mtu mwenye akili angemtaja Chengo. Randu anajua mimi pale mbele nitavunjwa kama muwa. Nikivunjwa, karani atasema, basi, tumwache Randu na goti lake hivyo hivyo. Umeona? Ananitumia mimi kumwonyesha karani kwamba hakuna mwingine."

"Mtani wako huyo."

"Ndiyo maana. Mtani akikuua, watu wanadhani anakutania."

Maneno hayo yalikuwa mazito kwa Wadigo. Ukoo wa Waziri na ukoo wa Randu walikuwa watani toka kwa mababu waliopigana wakachoka, wakapatana kwa matusi. Mtani hukutukana mbele za watu ukacheka. Huingia kwako akatwaa kitu unamwona, ukanyamaza, kimekuwa chake. Ukifa, yeye ndiye anayekuzika, tena anamfanyia maiti mzaha. Mwiko ni mmoja: kumkasirikia. Ukimkasirikia mtani, utani umekatika, na hauungiki mpaka wewe uliyekasirika umtukane upya hadharani na kumpa kuku.

Wakati wanasema, Kadzo mke wa Randu akaingia bila hodi, bakuli la mihogo ya nazi mkononi.

"Nyie wezi, hamjambo? Nimesikia mwataka kunihamisha. Haya, kuleni, mpate nguvu za kubebea vitanda."

"Hatujambo, mchawi wee," Mwanasha akamjibu, akacheka. "Karibu uketi."

"Siketi kwenye nyumba ya panya." Akambana Esha shavu, akamtazama Waziri kutoka kichwani mpaka miguuni. "Huyu ndiye senta? Ee Mungu. Waa watamchukua wakamfanye utambi wa taa."

Alipotoka, Mwanasha akavuta bakuli. Waziri akalizuia kwa mkono.

"Usile."

"Mihogo?"

"Tangu lini Kadzo akatuletea chakula siku ya Alhamisi?"

Mwanasha akausukuma mkono ule kando. Kisha akamega kipande kikubwa, akala, akamega kingine. Waziri alikaa mkekani akimtazama anavyotafuna, anangojea kitu. Mwanasha akamaliza bakuli lote, akalamba vidole, akapiga mbweu.

"Bado ni hai," akasema. "Wewe lala na njaa yako."

*

Jumamosi ya mazoezi walikuja watu kama kwamba kuna mechi. Habari zilishazagaa laini nzima kwamba mrudishaji amekuwa senta, na watu hawataki kusimuliwa.

Abdurahman aliwagawa pande mbili. Chengo akawekwa fulbeki, nyuma ya mgongo wa Waziri. Randu, kwa kuwa hawezi tena kukimbia, aliwekwa katikati, upande mmoja na Waziri, pale ambapo mtu husimama, akapata mpira, akautoa mbele. Kwa hiyo Waziri alipotazama, mbele ya macho yake alikuwa Randu, na nyuma ya mgongo asikokuona alikuwa Chengo. Akajiona kama mtu aliyekaa kati ya mwizi na shimo.

Mpira wa kwanza Randu aliupiga chini, mkali, na papo hapo akapaza sauti:

"Wee paa! Fisi wa kulia kwako!"

Uwanja ukacheka. Waziri akageuza shingo kutazama nani aliyecheka, mpira ukamgonga ugokoni, Chengo akatokea kulia akamfagia. Akaanguka kifudifudi.

"Inuka, paa! Nyasi ni za mbuzi!"

Wa pili. "Paa, umekaliwa! Utoe upesi!" Watu wakaangua kicheko. Waziri alitaka kugeuka nao, Chengo akamkanyaga kisigino. Wa tatu, "Kushoto, paa, kushoto kuna fisi mwenye njaa!" Chome, aliyekuwa wingi ya kulia, alicheka mpaka akashika tumbo. Waziri akaanza kurudi nyuma kufuata mpira kama alivyozoea, apate kuliona goli kwa mbele, na kila akirudi, kule mbele pakabaki patupu.

"Waziri!" Abdurahman alifoka. "Senta yuko wapi? Nimekuweka mbele, unafanya nini jikoni?"

"Ananuka moshi huyo," Randu akasema, "amezoea jikoni." Wakacheka tena.

Walipomaliza watu walikusanyika penye mfereji wa kiwanda kunywa maji. Waziri ugoko ulikuwa unavuja damu, kisigino kimevimba. Randu akaja anachechemea, akamtupia kopo la maji.

"Chukua, paa. Leo umekula majani mengi."

Hapo Waziri akalipuka. Kopo akalipiga teke.

"Sitaki maji yako! Sitaki mihogo yako! Wewe umeniweka pale nivunjike watu wacheke, ili ubaki na nyumba yako. Unadhani sijui? Mnafiki mkubwa wee!"

Maji yalikuwa yanamwagika mferejini na hakuna aliyekumbuka kuufunga. Watu walitazamana. Mama mmoja aliyekuwa amejitwika ndoo akaitua chini polepole.

"Waziri," Ziro nyapara akasema, "unamkasirikia mtani wako?"

"Si mtani wangu."

Randu aliinama akaliokota lile kopo, akalikung'uta mchanga. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu aliye msibani kwa watu wengine.

"Basi, Bwana Waziri," akasema. "Unisamehe. Sikujua kama nimekuudhi."

Bwana Waziri. Toka wafahamiane miaka minne, Randu hakuwahi kumwita hivyo. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja, na hakuna aliyemuaga.

*

Wiki hiyo Waziri aliishi kama mwenye ndui. Asubuhi alipita mbele ya nyumba ya Randu na barua zake za mwisho mwisho, Randu alisimama barazani akamwitikia, "Alhamdulillahi, Bwana Waziri, na nyumbani?" kama anavyozungumza na kadhi. Kadzo alikuja kuomba chumvi, akapiga hodi mara tatu, akasimama nje.

"Ameniambia, 'Habari za asubuhi, mama,'" Mwanasha alisema. "Kadzo! Mimi! Mama!"

"Si vizuri? Adabu ile."

"Mpelekee mtu kuku wake, Baba Esha."

"Kuku wa nini? Nimemkosea nini? Mtu akinichimbia kaburi nimpe na kuku?"

"Una hakika amekuchimbia?"

"Nina hakika hakuna anayetoa nyumba bure."

"Hilo sijalikataa. Nimekuuliza la kaburi." Akamfunga Esha kanga mgongoni kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Ziro amepita leo. Amepima mlango huu kwa macho. Amesema Jumatano ijayo saa sita mchana pawe patupu, kuna wakataji miwa kumi na wawili wanatoka Ramisi, wataingia humu."

"Kumi na wawili? Chumba hiki?"

"Kwa zamu. Mimi nitakwenda kwa mjomba Diani, nikalale na wapwa zake ukumbini. Wewe sijui utalala wapi. Kwa hiyo mimi sijali nani anakupenda na nani hakupendi. Mimi nataka Jumamosi ule mpira ukukae mguuni."

*

Waa walikuja na lori, wanaimba. Fulbeki wao mmoja alikuwa mpasua mbao, jina lake Kalama, shingo na kichwa hujui wapi kinaanzia kipi. Alipomwona Waziri amesimama katikati ya uwanja akamuuliza Abdurahman kwa heshima kabisa, "Bwana, na senta wenu je, amechelewa?"

Waziri alikuwa amejiandaa kwa jambo moja: Randu hatampa mpira. Alishajiwekea na maneno ya kumwambia karani baadaye. Lakini mpira wa kwanza Randu alioupata aliupeleka moja kwa moja miguuni pake, safi, chini, kama anayemkabidhi amana. Na wa pili hivyo hivyo. Na wa tatu.

Alichokosa kumpa ni sauti.

Waziri alisimama mgongo kwa goli, mpira unakuja, na nyuma yake hakuna anachokijua. Akiupokea na kugeukia kulia, Kalama yuko kulia. Akigeukia kushoto, Kalama keshafika kushoto. Alipogeuza shingo atazame kwanza, mpira ukampita. Aliwahi mara mbili tu kuushika ukatulia. Mara nyingine zote alipigwa kiuno, alipigwa goti, alikandamizwa chini na mpasua mbao mpaka mchanga ukamwingia puani. Na Randu, kila mara, alisimama kule akimwona Kalama anavyokuja, kwa kuwa yeye uso wake ulikuwa huku, akafunga mdomo kama mtu aliye na adabu zake.

Ilikuwa baada ya kuanguka mara ya tano ama ya sita, yu bado chini, ndipo Waziri alipokumbuka mazoezi. Fisi wa kulia kwako: na Chengo alitokea kulia. Kushoto, paa: na Chengo alitokea kushoto. Umekaliwa, utoe upesi. Siku ile aliyasikia matusi tu, na watu walisikia matusi, wakacheka. Matusi yale yalikuwa macho.

Akatema mchanga. Haikumfanya ampende Randu. Alijiuliza swali lile lile, kwa nini?, na sasa lilikuwa baya zaidi, maana hakuwa na jibu hata la uongo. Waa wakafunga. Filimbi ikalia, mapumziko, moja bila.

Wachezaji walikaa kwenye majani ya miwa wakagawiwa machungwa. Randu alikaa peke yake, goti kalinyoosha. Abdurahman alikuwa anazungumza na Chengo pembeni, mkono begani, na Waziri hakuhitaji kusikia. Ng'ambo ya uwanja, kwenye ua wa stoo, wanawake walikuwa wamejipanga, na alimtambua Mwanasha kwa kanga yake nyekundu. Alikuwa amesimama mbali na Kadzo.

Akainuka. Akapita katikati ya wenzake. Akasimama mbele ya Randu, akasema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu:

"Wewe Randu. Hilo goti uliliazima kwa nani, kwa bibi yako aliyekufa anachechemea? Mrudishie mwenyewe. Na huo mdomo kama umeoza, sema tukuletee mswaki. Umenyamaza wiki nzima kama bwana harusi aliyeona bibi harusi!"

Mtu mmoja alipaliwa na chungwa. Randu alimtazama Waziri. Akatafuna. Akatema kokwa moja, ya pili.

"Hayo ni maneno," akasema. "Na kuku?"

"Utapata. Mlafi."

Randu akatupa ganda la chungwa. Hakucheka. Filimbi ikalia, akainuka akaondoka anachechemea kwenda mahali pake, na Waziri akaenda mahali pake asijue ameunga kitu ama amejidhalilisha bure mbele ya kijiji kizima. Abdurahman alimwonyesha vidole kumi. Dakika kumi, kisha Chengo.

Mpira wa kwanza wa kipindi cha pili ulikuja kimya. Kalama akamgonga, ukapotea. Wa pili ukaja kimya. Waziri akasema moyoni, basi, yamekwisha, kesho tufunge mikeka.

Wa tatu, Randu alivuta mguu, na kabla hajaupiga:

"Wee paa! Kushoto kwako gogo linaanguka!"

Waziri hakugeuza shingo. Ilimwuma kutogeuza, kama mtu kuambiwa aruke gizani na yule aliyeshika kisu. Akaupokea kwa mguu wa kulia akaenda kulia, na Kalama akapita kushoto kwake kama lori lililokatika breki. Akamtolea Chome. Chome akaukosa, lakini hakuna aliyejali. Uwanja ulikuwa umesimama.

"Umekaliwa, panya, utoe!" Akautoa. "Huna mtu, mwoga wee, geuka!" Akageuka, na hapo ndipo watu wa Waa walipojua ile mbio yake, maana mtu mdogo akigeuka na mpira hatua mbili tu kutoka kwa beki, mkubwa hana wakati hata wa kuinua mguu. Dakika kumi zikapita, Abdurahman hakumwita mtu. "Kulia, mla mihogo ya watu! Kulia!" Randu alitukana mpaka sauti ikakwaruza. Alimtukania mama, alimtukania mashemeji, alitukania mpaka kitanda chake, na katika kila tusi mlikuwa na njia. Chome akapata mmoja, akafunga. Wakawa sare, moja kwa moja. Waziri mwenyewe alipata nafasi moja mwishoni, akapiga, ukamgonga golikipa ugokoni, ukatoka nje.

Waa waliondoka hawaimbi. Abdurahman alimngoja Waziri pembeni na karatasi ndogo mkononi.

"Hukufunga."

"Sikufunga, Bwana Karani."

"Mimi magoli siyahesabu. Nimehesabu mipira iliyokukaa. Kipindi cha kwanza miwili. Cha pili kumi na mmoja." Akaikunja karatasi. "Sijui ulikuwa umerogwa ama umeroga. Jumatatu uwe stoo saa moja. Nyumba, Jumapili."

*

Jumapili asubuhi walibeba vitu vyao. Havikuwa vingi: kitanda cha kamba, mikeka miwili, mtungi, sufuria, mbuzi ya kukunia nazi, na kuku mwekundu aliyefungwa miguu, ambaye Mwanasha alimnunua kwa pesa za nauli ya Diani.

Randu alikuwa amekaa barazani, goti juu ya kigoda. Kadzo alikuwa anafagia. Chumba cha kwanza kilikuwa kitupu, kimemwagiwa maji, kinanukia udongo. Cha pili kilikuwa kimejaa: kitanda, sanduku, ngozi, chungu, nguo kwenye kamba, na watoto watatu wamelala hawana habari.

"Karibuni, wezi," Randu akasema. "Chumba chenu hicho cha mbele. Kina jua la asubuhi."

Waziri akatua kitanda chini. "Hamjahama."

"Tuhamie wapi?"

"Mackinnon Road. Karani amesema."

"Karani nilimwambia anachotaka kusikia. Mackinnon Road mvua haijanyesha mwaka wa pili, ng'ombe wangu watano wamebaki ngozi, hizo hapo. Nikawalishe watoto wangu vumbi?"

"Nyumba ni yangu, Randu."

"Nani amekataa? Yako. Na mimi ni mtani wako. Mtani hafukuzwi."

Waziri akasimama pale, na jibu alilolitafuta siku kumi likamjia taratibu kama maji yanavyopanda kisimani. Chengo hakuwa mtani wa Randu. Chengo angepewa nyumba akawatoa na virago vyao siku hiyo hiyo, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Kwa hiyo ndiyo maana ulinitaja mimi."

"Nilikutaja kwa kuwa unafaa. Hukufaa?"

"Ungemtaja Chengo."

"Chengo angetufukuza, tena hafai," Randu akasema. "Chukua kivuli, jua linapanda."

Waziri aliitafuta hasira yake akaiona ipo, tena kubwa, na hana mahali pa kuiweka. Alikuwa amekisia vizuri toka siku ya kwanza: hakuna anayetoa nyumba bure. Alikosea bei tu.

"Mpaka lini?" Mwanasha akauliza.

"Goti likipona," Kadzo akasema.

"Na lisipopona?"

"Basi mtatuzika. Si kazi ya watani?"

Mwanasha akamtazama, akamtazama yule mtoto wa mwisho, aliyekuwa ameamka anajikuna tumbo. Akamwekea Kadzo kuku mikononi. "Zamu ya kwanza ya jiko ni yangu," akasema. "Wewe utapika nikimaliza." Akaingia ndani.

Hawakuwahi kukaa, Ziro nyapara akatokea njia ya mzani, daftari kwapani. Jumapili alikuwa akikagua nyumba za shamba, na sheria ya shamba aliijua kila mtu: nyumba ya kazi ni ya mwenye kazi na watu wake. Akikutwa mwingine, wote wanatoka. Akasimama mbele ya baraza, akachungulia chumba cha pili.

"Randu hajahama?"

Randu akateremsha mguu kwenye kigoda. Kadzo akashikilia fagio. Neno moja la Waziri lingetosha, na lingekuwa neno la kweli, na saa hiyo hiyo nyumba ingekuwa na vyumba viwili vyake peke yake.

"Amehama," Waziri akasema.

"Na kitanda hiki?"

"Changu. Nimekitwaa. Yeye mtani wangu, nimeingia kwake nikakitwaa, na sanduku nimetwaa, na chungu. Nani atanikataza?"

Ziro mwenyewe alikuwa na watani zake huko Msambweni. Alikuna shingo kwa kalamu. "Na mwenye kitanda?"

"Huyo amekifuata kitanda chake. Muulize mwenyewe kama ana aibu."

"Sina," Randu akasema.

"Na watoto?"

"Wamelala juu ya kitanda changu," Waziri akasema. "Nitawadai kodi."

Ziro hakucheka. Alimtazama Waziri kwa muda, kama siku ile alipomtoa juu ya mzani. Akafungua daftari, akaandika kitu kifupi, akalifunga.

"Jumapili ijayo nitapita tena," akasema. "Mapema."

Waziri alibaki mlangoni akimtazama mpaka alipopotea nyuma ya kiwanda. Hakujua ameandika nini. Ndani, Mwanasha na Kadzo walikuwa wameshaanza kugombania pa kuweka mtungi, na Randu alikuwa anamwita aje amsaidie kuinuka.